Kwenda Polepole Angani: Somo Gumu la Rubani Mwanafunzi

Dereva wa lori akiona mbele yake daraja lililovunjika, au ng'ombe wamejaa barabarani, huondoa mguu katika mafuta na kukanyaga breki. Kadiri mwendo upunguavyo ndivyo hatari ipunguavyo, na akisimama kabisa aweza kushuka, akafikiri, akawauliza wapitao njia. Rubani hana nafasi hiyo. Eropleni ndogo hubebwa na upepo upitao juu na chini ya mabawa yake, na upepo huo hupatikana kwa mwendo tu. Mwendo ukipungua kupita kiasi, hakuna cha kuibeba. Hata hivyo hakuna ndege iwezayo kutua salama pasipo kupunguza mwendo kwanza, mpaka ikaribie kiasi kile kile kisichofaa kupitwa. Basi kila rubani, katika kila safari, hana budi kupita katika mlango huo mwembamba, na ndiyo sababu wanafunzi wa urubani hufundishwa mapema, kabla hawajaruhusiwa kuruka peke yao, namna ya kuitawala ndege iendapo polepole.

Katika nchi ya Kenya, mahali panapojulikana sana kwa mafunzo haya ni uwanja wa Wilson, mjini Nairobi, kando ya barabara ya Langata. Uwanja huo una jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka wa 1929. Zamani uliitwa Nairobi West, na jina likabadilishwa mwaka wa 1962. Mtu asimamaye karibu na ua wa uwanja wakati wa asubuhi, kabla jua halijaanza kuchemsha hewa, ataona ndege ndogo zikiondoka moja moja. Nyingine kati ya ndege za namna hiyo ni Cessna 152, zilizotengenezwa Marekani kuanzia mwaka wa 1977 hata 1985, na ambazo shule za urubani ulimwenguni bado huzitumia. Ndege hiyo ina viti viwili tu, na injini yake ni ya nguvu za farasi 110. Kutoka ncha ya bawa moja hata ncha ya la pili ni kama futi 33, na uzito wake pamoja na watu na mafuta hauruhusiwi kupita ratili 1,670. Ni nyepesi kuliko motokaa nyingi zipitazo barabarani.

KAZI YAANZA

Somo la kwenda polepole halifanywi karibu na nchi. Mwalimu humpeleka mwanafunzi mbali na mji, juu ya uwanda mkavu usio na nyumba nyingi, nao hupanda mpaka wapate angalau futi 3,000 za hewa chini yao. Kwa kuwa uwanda wenyewe waweza kuwa futi 5,000 juu ya bahari, kipima-urefu husoma 8,000. Hapo mwalimu humtaka mwanafunzi akague. Je, mikanda imefungwa? Hakuna kitabu wala chupa iliyoachwa wazi? Mafuta yatosha? Kisha ndege hugeuzwa nusu duara upande mmoja, na nusu duara upande wa pili, wote wawili wakitazama chini na pande zote kama hakuna ndege nyingine karibu. Ndipo kazi ianzapo.

Mwanafunzi hurudisha nyuma kishikio cha nguvu, na ngurumo ya injini hupungua. Pua ya ndege yataka kushuka. Yeye huizuia kwa kuvuta usukani taratibu ili asipoteze urefu. Mshale wa kipima-mwendo, uliokuwa karibu na maili 100 kwa saa, huanza kurudi: 90, 80, 70. Vibawa vilivyo nyuma ya mabawa makubwa hushushwa hatua kwa hatua. Mshale wafika 60, kisha 55. Kelele ya upepo madirishani yatulia. Pua imeinuka hata upeo wa macho umefichika nyuma yake. Usukani, uliokuwa mgumu mkononi kama kamba iliyokazwa, sasa umelegea. Mwanafunzi augeuza kama alivyozoea, wala ndege haijibu. Augeuza zaidi, nayo yajibu kwa uvivu, imechelewa, kisha yapita kiasi.

Watu wa pwani wanaijua hali hii. Jahazi likikosa upepo, likabaki laelea tu, nahodha aweza kuugeuza usukani apendavyo na chombo kisigeuke, kwa kuwa maji hayapiti kwa nguvu penye ubao wa usukani. Watu wa bara wanaijua katika baiskeli. Mtu apandaye mlima na madebe ya maziwa nyuma yake, karibu asimame, mikono yake huyumba kushoto na kulia bila kupumzika; akiisha kupata mteremko, hushika usukani kwa vidole viwili. Ndege iendayo polepole yataka mikono ya mpandaji mlima.

MSHANGAO WA KWANZA

Hapo mwanafunzi hupata jambo lisilopatana na akili yake. Alipunguza nguvu za injini ili aende polepole. Sasa, baada ya kufika katika mwendo huo, ndege yaanza kuzama, na ili isizame mwalimu amwamuru aongeze nguvu, tena nyingi. Akipunguza mwendo zaidi, lazima aongeze nguvu zaidi. Huu ni mwendo wa ajabu ambamo kwenda polepole hugharimu zaidi ya kwenda kwa kasi ya kadiri, nao humshangaza hasa mtu aliyezoea kuendesha motokaa.

Sababu yake si fumbo. Bawa huinua ndege kwa kusukuma hewa chini. Likienda kasi, hewa nyingi hulipitia kila sekunde, na yatosha kuisukuma kidogo tu. Likienda polepole, hewa ni chache. Basi makali ya mbele ya bawa lazima yainuliwe, ili hewa hiyo chache isukumwe kwa nguvu zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la basi (desturi mbaya, lakini wengi wameifanya) amelihisi jambo hili. Akiulaza mkono kama ubao, hausikii kitu. Akiinua kidogo upande wa kidole gumba, mkono hupaa wenyewe. Akiuinua zaidi na zaidi, mkono haupai tena sana. Husukumwa nyuma tu. Ndege iendayo polepole ni kama mkono ule ulioinuliwa sana: yapata kuinuliwa, lakini pia yavutwa nyuma kwa nguvu nyingi, na injini ndiyo ilipayo gharama.

Kuna mwisho wa kuinua huko. Hewa ipitayo juu ya bawa hufuata mgongo wake kama maji yafuatavyo mgongo wa jiwe laini mtoni. Lakini pembe kati ya bawa na upepo ikizidi kiasi, ambacho katika ndege nyingi ndogo ni digrii 15 au zaidi kidogo, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo ule. Hubanduka, huvurugika, na nguvu ya kuinua hupungua ghafula. Hapo bawa limepotewa na upepo. Watu wengi hudhani ya kuwa ndege huanguka namna hii kwa sababu injini imezimika. Sivyo. Injini yaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote na bawa likapotewa na upepo vile vile.

Hata mwendo wenyewe si kipimo cha kutegemewa peke yake. Vitabu husema ya kuwa Cessna 152, vibawa vyake vikiwa juu, hupotewa na upepo penye maili 46 kwa saa hivi. Lakini hiyo ni ndege iendayo sawasawa bila kugeuka. Ikilazwa upande kwa digrii 45 ili igeuke bila kupoteza urefu, mabawa hubeba mzigo mkubwa zaidi, na kiasi kile hupanda mpaka maili 55. Ikilazwa kwa digrii 60, mzigo huwa mara mbili ya uzito wa ndege, na kiasi hufika 65. Rubani asemaye moyoni mwake, "Nina maili 60, niko salama," huenda akawa amekosea kwa kiasi cha kuugharimu uhai wake.

ZUMARI, MIGUU NA GOLOLI

Watengenezaji wa ndege hawakumwacha rubani bila msaada. Katika makali ya mbele ya bawa la kushoto la Cessna 152 pana tundu dogo. Pembe ya bawa ikikaribia kiasi cha hatari, hewa hufyonzwa kupitia tundu hilo na kupiga ulimi mdogo, kama ule wa zumari, na mlio mwembamba husikika ndani ya chumba cha rubani. Huanza kulia mwendo ukiwa umebakiza kama maili 6 hata 12 kufikia kiasi cha kupotewa na upepo. Kwanza hulia kwa sauti nyembamba ya kulalamika. Kadiri hatari ikaribiavyo, sauti huongezeka.

Miguu nayo ina kazi ambayo wanafunzi wengi huisahau. Ndege ikienda kasi, rubani mvivu aweza kukaa na miguu imelala sakafuni, asione madhara makubwa. Katika mwendo wa polepole, huku injini ikivuta kwa nguvu na pua ikiwa juu, rafadha huilazimisha pua kuelekea kushoto, na mguu wa kulia hauna budi kukanyaga pedali ya mkia daima. Mbele ya rubani pana kigae cha kioo kilichopinda, chenye gololi nyeusi ndani yake. Gololi ikikaa katikati, ndege yaenda imenyooka. Ikikimbilia upande wa kulia, mguu wa kulia umelala.

Jambo hili si la unadhifu tu. Tuseme bawa la kushoto laanguka kidogo. Mkono wa mwanafunzi, kwa mazoea, hugeuza usukani kuelekea kulia ili kuliinua. Usukani hushusha kibao kilicho nyuma ya bawa lile la kushoto, na kibao kikishuka, pembe ya bawa huzidi mahali pale. Bawa ambalo lilikuwa ukingoni mwa hatari husukumwa ndani ya hatari na mkono ule ule uliokusudia kuliokoa. Likipotewa na upepo kabla ya mwenzake, ndege hupinduka upande wake na kuanza kuzunguka kama pia ikielekea chini. Kwa hiyo mwalimu hurudia mpaka mwanafunzi achoke kumsikia: katika mwendo wa polepole, bawa likianguka, kwanza shusha pua bawa lipate upepo, na zuia mzunguko kwa mguu, mkono uje baadaye.

Mkono wa mwanadamu una kosa lingine, la zamani zaidi. Kitu kikishuka, mtu hukiinua. Ndege ikizama, mwanafunzi huvuta usukani, yaani huinua pua, yaani huongeza pembe ambayo tayari imezidi. Ndege huzama zaidi, naye huvuta zaidi. Dawa yake ni kuruhusu pua ishuke wakati ambapo kila mshipa wa mwili wakataa, kisha kuongeza nguvu za injini na kupandisha vibawa hatua kwa hatua, si kwa mara moja, kwa maana vikipandishwa ghafula ndege huzama tena. Akiwa na futi 3,000 chini yake, mwanafunzi aweza kukosea, akaogopa, akajaribu tena. Hasara yake ni futi mia chache tu.

WALIOJIFUNZA KWA MAUTI

Elimu hii haikupatikana kwa bei rahisi. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kutoka vilimani kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe, yasiyo na injini, yapata mara 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896, hewa iliinua pua ya chombo chake mpaka mabawa yakapotewa na upepo. Alijaribu kuirudisha chini kwa kurusha miguu mbele, asifaulu. Akaanguka kutoka kimo cha futi 50 hivi, akavunjika uti wa mgongo, akafa siku ya pili yake mjini Berlin. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliosoma kazi ya Lilienthal kwa makini, waliogopa mwisho kama ule, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuweka kibao cha kuongoza pua mbele ya mabawa badala ya mkiani. Inafaa kukumbuka ya kuwa safari yao ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, yenyewe ilikuwa ya polepole: sekunde 12, futi 120, na kwa kuwa upepo ulivuma kutoka mbele, Wilbur aliweza kukimbia kando ya bawa wakati ndugu yake alipokuwa angani.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, ndege iliyoanza kuzunguka kama pia ilihesabiwa kuwa jeneza. Tarehe 25 Agosti 1912, Luteni Wilfred Parke wa jeshi la wanamaji la Uingereza alikuwa akishuka ili atue, pamoja na abiria mmoja, ndege yake aina ya Avro ilipoingia katika mzunguko huo mbele ya macho ya watu. Alivuta usukani nyuma kama kila mtu wa wakati ule alivyodhani inafaa, akakanyaga mkia kuelekea ndani ya mzunguko. Hali ikazidi kuwa mbaya. Mwisho, kwa kukosa jambo lingine la kujaribu, alikanyaga upande wa pili, kinyume cha mzunguko. Ndege ikaacha kuzunguka mara moja, imebakiza kama futi 50, akaipandisha, akazunguka uwanja na kutua. Wenzake walimhoji siku ile ile na kuandika kila alilolifanya, na hivyo marubani wengine wakapata dawa. Parke mwenyewe hakuishi kuona faida yake. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alikufa katika ajali nyingine ya ndege.

Aliyeigeuza dawa hiyo kuwa somo la shule alikuwa Robert Smith-Barry, Mwingereza aliyekuwa amevunjika miguu katika ajali ya ndege mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza. Katika mwaka wa 1917 alipewa shule ya kufundishia walimu wa urubani huko Gosport. Kabla ya hapo wanafunzi wengi walikuwa wakikatazwa mambo ya hatari tu, bila kuonyeshwa, kisha wakaachwa wayakute peke yao. Smith-Barry alifanya kinyume. Alitumia ndege ya Avro 504 yenye usukani mbili, akamweka mwalimu na mwanafunzi pamoja, na mpira wa kupitishia sauti baina yao, akaagiza kwamba kila hatari itafutwe kwa makusudi, juu sana, na mwanafunzi aitoe ndege humo kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu apaaye leo na mwanafunzi wake kutoka Wilson afuata njia hiyo hiyo.

Wala mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni la ndege ndogo peke yake. Tarehe 1 Juni 2009, ndege kubwa iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita katika mawingu juu ya bahari ya Atlantiki, na barafu ikaziba mirija ipimayo mwendo. Mtambo ujiendeshao wenyewe uliacha kazi, ukawaachia marubani. Pua iliinuliwa, ndege ikapanda hata karibu futi 38,000, ikapotewa na upepo, ikaanguka kwa muda wa dakika tatu na nusu huku sauti ya kuonya ikilia mara nyingi, na usukani ukavutwa nyuma karibu muda wote. Watu 228 walikufa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba injini zilikuwa nzima hata mwisho.

Ajali kama hiyo ziliwafanya wakuu wa usafiri wa anga katika nchi nyingi kuyatazama upya mafunzo. Huko Marekani, katika mwaka wa 2016, kanuni ya mtihani ilibadilishwa. Zamani mtahiniwa alitakiwa aende polepole ukingoni kabisa mwa hatari, na mara nyingi zumari ikilia muda wote. Sasa yampasa aende polepole, lakini zumari isilie. Ikilia, imempasa kutengeneza mara moja. Wenye kanuni walisema ya kuwa kumzoeza mwanafunzi kuusikia mlio ule na kuendelea na shughuli zake ni kumfundisha kuupuuza. Walimu wengi wa zamani walinung'unika kwamba mwanafunzi asiyefika ukingoni haujui ukingo. Pande zote mbili zina haki. Lakini mtu aliyewahi kulala karibu na kinu cha kusagia unga ajua ya kuwa sikio huzoea kelele yoyote, na hoja ya wenye kanuni si nyepesi.

HEWA YA NAIROBI

Mwanafunzi wa Nairobi ana tatizo ambalo mwenzake wa Mombasa hana. Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyo na mtambo wa kusukumia hewa hupungukiwa nguvu, karibu sehemu moja katika sita, na wakati wa mchana, jua likiwa kali, upungufu ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi aendaye polepole, ambaye hana budi kununua usalama kwa nguvu za injini, hukuta akiba yake ni ndogo. Akiwa Mombasa angesukuma kishikio na kupaa. Akiwa juu ya uwanda wa bara, vibawa vikiwa chini kabisa, huenda akasukuma kishikio mpaka mwisho na ndege ikakataa kupanda. Njia pekee ni kushusha pua, kutoa futi chache alizonazo, na kununua mwendo.

Tena macho humdanganya. Kipima-mwendo hupima msukumo wa hewa, wala si mbio za ndege juu ya nchi. Mshale ukisoma maili 70 huko Mombasa, ndege yaenda karibu 70 kweli. Mshale ukisoma 70 juu ya Wilson, ndege yaenda karibu 77. Bawa halijali, hupotewa na upepo penye alama ile ile ya mshale mahali pote. Lakini rubani anayetazama miti ikipita upesi chini yake huona anakwenda kasi kupita kiasi, akashawishika kuinua pua ili apunguze. Walimu humwambia aiamini saa iliyo mbele yake kuliko miti.

Udanganyifu huo huua hasa katika kona ya mwisho kabla ya kutua. Rubani amekuja pembeni mwa uwanja, upepo umemsukuma, naye aona ya kuwa ataupita mstari wa njia ya kutulia. Urefu ni futi 500 tu. Aogopa kuilaza ndege sana karibu na nchi, basi aigeuza pua kwa mguu. Bawa la ndani hushuka. Alizuia kwa mkono. Pua hushuka, aivuta. Sasa amefanya yote matatu aliyokatazwa, tena kwa wakati mmoja, na kila moja lilionekana kwake kuwa la busara. Ndege ikianza kuzunguka kutoka kimo hicho haina nafasi ya kupona, kwa maana hata rubani hodari huhitaji futi nyingi zaidi ya hizo. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huacha mapema. Hunyosha mabawa, huongeza nguvu, hupita juu ya uwanja na kuja mara ya pili, hata kama abiria wake watamcheka.

Pengine msomaji atauliza kwa nini rubani asije kutua na mwendo mwingi, akaiepuka hatari yote. Jibu liko katika viwanja vya nchi hii. Madaktari warukao, ambao shirika lao la Amref lilianzishwa mwaka wa 1957, wametua miaka mingi katika viwanja vya majani na vumbi, vifupi, vyenye miti mwishoni na mbuzi katikati. Nguvu ya kuisimamisha ndege haiongezeki sawasawa na mwendo, bali zaidi: ajaye na mwendo uliozidi kwa sehemu moja katika kumi, hana budi kumaliza nguvu iliyozidi kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Katika uwanja mrefu wa lami hilo ni jambo la matairi tu. Katika uwanja mfupi ni jambo la kuingia mitini. Askari wa wanyama wahesabuo ndovu kutoka hewani nao huenda chini na polepole, macho yao yakiwa ardhini, na hao huhitaji miguu na mikono ifanyayo kazi pasipo kufikiri.

Ndivyo mwanafunzi arudiavyo somo hilo asubuhi nyingi: polepole na kunyooka, polepole na kugeuka kulia, polepole na kushuka, polepole na kupanda. Mwanzoni hutoka jasho na kuushika usukani kama mtu ashikaye nyoka. Baada ya saa kadhaa, vidole hulegea, mguu wa kulia wakanyaga wenyewe, na gololi yakaa katikati bila yeye kuitazama.

Kisha hurudi Wilson. Huja na maili 70, kisha 65. Juu ya mwanzo wa njia ya kutulia huondoa nguvu zote za injini, na kuizuia ndege isiguse nchi, akivuta usukani kidogo kidogo, huku mwendo ukiisha na pua ikiinuka. Magurudumu yamebakiza futi moja kufikia lami. Ndipo zumari ile ile, iliyomtisha juu ya uwanda, huanza kulia. Na mwalimu, ambaye muda wote alikuwa ameweka mikono karibu na usukani wake, huiweka mapajani.